Ripoti ya CAG ya mashirika ya umma: maoni ya mhasibu mstaafu

"Shikamoo babu. Unatoa zote?"

Kijana wa steshenari hapa Msamvu alishaona idadi ya kurasa, akajua mzee hajui anachoagiza. Marahaba mwanangu, nikamwambia, nitolee hizi 43 tu. Shilingi 100 kwa ukurasa, 4,300 jumla. Faili lenyewe halina bei. Unalipata kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na Kiswahili chake kinasomeka.

Ninazungumzia ripoti ya mashirika ya umma ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kitabu cha mwaka wa fedha 2021/22. Sijachukua kipya kwa makusudi. Kazi ya ukaguzi haiishi ripoti inapotoka. Inaishia bungeni, na safari hiyo nilitaka kuifuata mpaka mwisho.

Nianze na sifa. Chukua ATCL, shirika letu la ndege. Ripoti inasema shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 35, na haikuachi hapo unashangaa. Inakueleza habari ya ndege za Airbus A220 zilizokaa chini kwa matatizo ya injini. Mtu asiyejua mizania hata kidogo anaelewa: ndege imekaa, gharama zake hazijakaa. Mimi niliandika taarifa za fedha miaka 31 na sikuwahi kuandika sentensi inayoeleweka hivyo.

Ila uwe makini na neno "hati". Watu wakisikia shirika lina hati inayoridhisha hudhani linaendeshwa vizuri. Hapana. Hati inasema hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Duka linaweza kufilisika huku daftari lake likiwa safi kama sahani ya mkwe.

Kinachonikera ni muda. Vitabu vilifungwa 30 Juni 2022. CAG akamkabidhi Rais ripoti Machi 2023, ikawekwa mezani bungeni Aprili, kama ibara ya 143 ya Katiba inavyoelekeza. Kamati ya Hesabu za Serikali ikapeleka taarifa yake, na wabunge wakaijadili Novemba 2023. Hesabu miezi: 16. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunga vitabu alishaanza kukimbia. Simlaumu mkaguzi, kazi yake ni kubwa na ameifanya ndani ya muda wake. Lakini miezi yote hiyo Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, anaweza kuwa ameshahamishwa, na anayeitwa Dodoma kujibu ni mwingine kabisa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wakati huo sikuwepo." Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo shida yake.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo hamtajua kwa nini nilichapa zile kurasa 43. Kwenye halmashauri moja niliyofanyia kazi tulikuwa na hoja ya mkaguzi, dosari aliyotaka tuirekebishe, kuhusu masurufu: fedha za safari zilizochukuliwa na hazikurejeshwa. Hoja ilikaa miaka miwili. Mwaka wa tatu bosi akaniambia, "Andika barua ya kuwakumbusha, weka nakala kama kiambatisho." Nikaandika barua 11. Mkaguzi akaziona, hoja ikasogea kutoka "haijatekelezwa" kwenda "inaendelea kutekelezwa". Tukapongezana ofisini, kukawa na soda. Hakuna hata shilingi iliyorudi. Nilikunywa Fanta ile na bado naikumbuka ladha yake.

Ndiyo maana kurasa nilizochapa hazina ndege nyingi wala mabilioni ya vichwa vya habari. Nyingi ni zile za utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: yaliyotekelezwa, yanayoendelea, yasiyoanza, yaliyopitwa na wakati. Magazeti huzipita. Ukipata ripoti za miaka mitatu, ziweke pamoja na utafute pendekezo lile lile. Likiwa "linaendelea" mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, nakuhakikishia kuna mtu mahali anaandika barua za kukumbusha. Ningependa jedwali hilo liwekwe mbele kabisa, kabla ya muhtasari, na kila pendekezo liwe na mwaka lilipozaliwa.

Kuhusu mjadala wa bungeni nilioufuata redioni sina mengi. Kuna wabunge waliosoma, unawajua kwa namna wanavyotaja kiasi na mwaka. Wengine walisoma kichwa cha habari, wakapaza sauti.

Kwa nyota tano, ripoti naipa nne. Safari yake mpaka mjadala, mbili.

Nakala yangu sinayo tena kwa sasa. Aliiazima jirani yangu fundi baiskeli, akaniambia atairudisha Jumapili. Ilikuwa Jumapili gani hakusema. Juzi nimemuuliza: inaendelea kusomwa.