Tahadhari: Usinunue mzinga uliopakwa rangi kabla hujaziona mbao zake

Ndugu wafugaji wa nyuki, ninawatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza mizinga ya mbao mtandaoni kwa picha nzuri, anayedai alipwe fedha zote kabla ya kutuma mzigo, na ambaye hapokei tena simu mnunuzi anapolalamika. Simtaji jina; nitaeleza bidhaa yake ilivyo, ili mweze kumtambua yeye na wenzake wa aina hiyo.

Mizinga niliyoletewa ilikuwa imepakwa rangi nje na ndani. Hilo peke yake linatia shaka, kwa kuwa fundi anayewajua nyuki hupaka nje tu na kuuacha ubao wa ndani kama ulivyo. Nilipokwangua rangi kwenye kona kwa kisu, nilikuta ufa uliojazwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, na chini yake ubao ulikuwa bado mbichi, wenye unyevu. Mbao za namna hiyo hupinda na kusinyaa zikikauka, na ndivyo ilivyokuwa: mfuniko ulinyanyuka upande mmoja, na maungio yaliyoshikwa kwa misumari midogo bila gundi yakaachana kiasi cha kupitisha kidole. Hapo sisimizi, mbawakawa na nondo wa nta huingia watakavyo, na kundi changa la nyuki haliwezi kulinda mianya yote hiyo.

Vipimo ndivyo vilivyonisikitisha zaidi. Tangu Mmarekani Lorenzo Langstroth alipoutambua umuhimu wa njia ya nyuki, yaani upenyo mdogo ambao nyuki huuacha wazi ili wapite, mwaka 1851, mafundi wa mizinga ya fremu (viunzi vinavyotoka na kurudi, ambamo nyuki hujenga masega) hufuata kanuni moja: nafasi kati ya fremu na ukuta iwe ya milimita 6 hadi 9 hivi. Ikiwa finyu zaidi, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikiwa pana zaidi, huijengea masega. Katika mizinga hii fremu ziligusa ukuta upande mmoja, na upande wa pili zikaacha karibu sentimita 2. Nyuki wakishahamia humo, huwezi kuinua fremu bila kurarua masega, kumwaga asali na kuponda watoto wa nyuki, pengine hata malkia mwenyewe. Mfugaji anakuwa amelipia mzinga wa fremu asioweza kuukagua.

Kwa hiyo dai mzinga usiopakwa rangi, uipake mwenyewe baadaye. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Vipimo viwili visipolingana, sanduku limekwenda upande. Jaribu fremu yako mwenyewe ndani yake, kisha unuse: harufu kali ya dawa au ya oili chafu ni sababu ya kutosha kuukataa, maana dawa ya kuua wadudu wanaokula mbao haimchagui nyuki. Fedha itoke baada ya ukaguzi huo, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa waliokwisha kupokea mizinga yenye harufu hiyo, nawasihi msiingize nyuki humo, wala msizigeuze mbao zake kuwa kuni za jikoni, kwani moshi wa mbao zilizotiwa dawa unaweza kuwa na sumu. Hifadhini risiti, picha na ujumbe wote mlioandikiana naye, mkatoe taarifa polisi.