TAHADHARI: Mashine za kusaga matawi zenye stika ya HP 15 (nguvu za farasi 15) ambazo si HP 15

Wenzangu wa kazi za bustani na kukata miti hapa Nairobi, kama umetumiwa tangazo la mashine ya rangi ya chungwa ya kusaga matawi, "HP 15, inameza tawi la inchi nne, laki na nusu pamoja na kuletewa hadi kwako," tafadhali usitume hela kabla ya kusoma haya. Muuzaji simtaji jina, na hata nikilitaja halitawasaidia, maana kila akiharibu upande mmoja hufungua ukurasa mwingine kwa jina jipya. Picha ndizo hazibadiliki: mashine ileile kwenye sakafu ya zege, lango la bluu nyuma yake, na rundo la vipande vya mbao visafi mno chini ya bomba.

Mashine zake zimeletwa kwenye yadi yetu na watu waliouziwa, na nimezifungua nikiwa na fundi wetu. Ya kwanza ilikuwa ya kijana anayehudumia nyumba za Runda na Kitisuru, aliyekopa pesa za chama kuinunua. Ilifanya kazi asubuhi moja tu, ikakwama kwenye tawi kavu la mgrevilea lisilozidi unene wa kifundo cha mkono. Tulipotoa visu tukakuta makali yamejikunja. Fundi akapitisha tupa, nayo ikala chuma bila taabu. Kisu cha chipa, yaani mashine halisi ya kusaga matawi, hutiwa ugumu, na tupa huteleza juu yake bila kuacha alama ya maana. Kisha tukakwangua rangi karibu na mdomo wa mashine kwa ncha ya ufunguo. Chini ya rangi ya chungwa kulikuwa na kijani, na kwenye kijani kulikuwa na mashimo ya bolti yaliyozibwa kwa kuchomelewa, palepale ambapo trei ya kulishia nyasi hufungwa. Ilikuwa chafkata. Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi za nepia, imeongezewa bomba la kutolea vipande na kupakwa rangi upya.

Sina ubaya na chafkata, wala na mafundi wa jua kali. Kariobangi Light Industries wako watu wanaounda mashine imara, na wakikuuzia chafkata wanakuambia ni chafkata. Lakini nepia na mabua ya mahindi ni laini, hayarudishi pigo kwenye kisu. Tawi kavu hurudisha. Ndiyo maana chipa ya kweli hubeba sahani au ngoma nzito ya chuma inayohifadhi nguvu ya mzunguko, na visu vyake hupita karibu sana na kisu kingine kilichokaa tuli, nafasi ya milimita moja au mbili hivi. Kwenye ile ya kijana wetu, kidole changu cha shahada kilipenya katikati ya visu hivyo viwili. Hapo tawi halikatwi, linatafunwa, na kila pigo linakwenda kwenye beringi na kwenye bati la ganda.

Injini nayo ni uongo mtupu, na uongo huu unaupima mwenyewe bila kumwita fundi. Injini nyingi za petroli za Kichina zinazouzwa hapa zina namba ya aina kama 168F, 170F, 188F au 190F. Tarakimu mbili za mwisho ni upana wa silinda kwa milimita. 168F ina silinda ya milimita 68, na ile ya ujazo wa sisi (cc) 196 nguvu yake ni HP 6.5. 170F hutajwa kuwa HP 7. Ile ya HP 15 kwa kawaida ni 190F, silinda ya milimita 90, sisi 420. Huyu bwana husaga namba hiyo kwa grainda na kubandika stika inayong'aa ya HP 15. Basi achana na stika, nenda kwenye shafti inayotoka kwenye injini na uipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Injini ndogo huwa na shafti ya milimita 19 au 20, kubwa ni 25 au zaidi kidogo. Tazama na tangi: dogo huchukua petroli lita tatu na ushee, kubwa lita sita na ushee. Uzito pia husema kweli, kwa sababu injini ndogo ni kama kilo 16 na kubwa hufika kilo 30. Kama mtu mmoja ameibeba injini ya "HP 15" kwa mkono mmoja huku akiongea na simu, umeshapata jibu.

Na hata ungepata HP 15 halali, kumbuka tuko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Mwongozo wa injini za Honda wenyewe unaeleza kwamba nguvu hupungua takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Hapa kwetu hiyo ni karibu moja ya tano. HP 15 ya kwenye karatasi inabaki kama 12, na hiyo 6.5 iliyofichwa chini ya stika inabaki 5 na kidogo. Kwa nguvu hiyo utasaga matawi membamba ya ua, ila usiipeleke kwa mtu aliyeangusha mkaratusi mtaa wa Karen. Muuzaji mkweli huyajua haya na hukuambia kipimo chake ni cha tawi bichi na laini, ukitaka kavu na gumu upunguze. Huyu akiulizwa hucheka na kusema injini zake zimetengenezwa kwa ajili ya Afrika.

Pesa hurudi, zikichelewa sana. Kilichonifanya niandike ni mdomo wa ile mashine. Chipa ya kulishwa kwa mkono hutengenezwa na mdomo mrefu makusudi, ili mtu mzima akinyoosha mkono wote asifikie visu, na baadhi huwa na nondo au kibao cha kusukuma kinachosimamisha mashine kwa dharura. Mashine hizi zina mdomo mfupi wa chafkata. Niliizima, nikatoa waya wa plagi, nikaingiza mkono: vidole viligusa kisu kabla kiwiko hakijafika kwenye ukingo. Sasa fikiria kibarua anayelisha matawi ya kayaba. Ile miiba hushika glavu na mkono wa koti, na tawi likivutwa linakwenda na chochote kilichonaswa. Wanaolisha mashine zetu ni vijana tunaowaokota asubuhi barabarani kwa ujira wa siku. Hawakuichagua mashine na wengi hawana bima yoyote. Anayeuza kitu kama hiki akijua ni nini, kwangu mimi ni mbaya kuliko mwizi wa pesa.

Namna anavyowanasa watu ni ileile kila mara. Anakukaribisha kwenye godauni Industrial Area, tayari mashine inanguruma, na pembeni pana rundo la bogainvilea mbichi lililokatwa asubuhi ile. Analisha yeye, vijiti vya unene wa kidole. Vinatoka vizuri. Ukisema una tawi lako kwenye pikapu, ghafla visu "vimetoka kunolewa kwa ajili ya mteja mwingine" au petroli imeisha. Halafu simu yake inalia, kuna mtu wa Thika anataka ileile, na ukilipa sasa hivi anakuwekea. Namba ya kulipia ni ya simu ya mtu binafsi na risiti "itakuja na mzigo". Ukilalamika baadaye atashika simu mara moja akuahidi fundi, kisha anakuwa "mteja", hapatikani tena.

Kwa hiyo nenda na tawi lako. Chukua grevilea au mkaratusi mkavu, unene wa kifundo cha mkono, na kuti moja la mtende kama unafanya kazi kwenye nyumba zenye mitende, kwa sababu nyuzi zake hujizungusha kwenye shafti na kuzima mashine dhaifu. Mashine ikiwa imezimwa na waya wa plagi umetolewa, fungua kifuniko uone visu. Kama taka zako nyingi ni majani mabichi na maua, mashine ya nyundo itakufaa kuliko ya visu, ila majani yaliyolowa huziba chujio lake. Kama ni matawi, dai visu, na uulize vya akiba vinapatikana wapi. Mkanda na beringi za vipimo vya kawaida utavipata kwenye maduka ya vipuri ya Grogan bila shida. Visu vya mashine isiyo na jina hutavipata popote.

Najua kwa nini watu wanaharakisha. Tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 itake taka za kuoza zitenganishwe na nyingine, wateja wengi hawataki tena kuona matawi yakitupwa pamoja na plastiki kwenye lori la kwenda jalala la Dandora, na mwenye mashine ndiye anayepewa kazi. Huyu mtu anaijua haraka hiyo.

Lipa kwa till ya biashara au benki, usome jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri, na udai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA, yenye PIN ya muuzaji. Aandike humo aina ya injini, namba yake na unene wa tawi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji mzoefu, hivyo mweleze kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Ukishatapeliwa kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom papo hapo, kabla hajatoa pesa. Kisha nenda polisi upate namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Wale waliokwisha kuuziwa, msiiuze mashine kwa mwingine ili kurudisha hasara. Mtampa mtu mwingine ule mdomo. Piga picha ya shafti ikiwa na kalipa, mahali namba ya injini ilipokwanguliwa, visu, na ujumbe wa malipo, uniandikie faraghani. Tunakusanya walalamishi ili tuandikishe taarifa polisi pamoja, na kijana wa Runda amekubali kuileta ile yake kama kielelezo.