Rejista za prosesa: kumzuia mgeni au kumwachia?

Fundi wa Arusha anayegawa seva moja kwa wateja kadhaa kupitia KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, ana jambo la kupima: mfumo mgeni, yaani mfumo endeshi wa mteja ndani ya mashine pepe, unapotaka kugusa rejista maalumu za prosesa (MSR, nafasi ndogo ndani ya prosesa zinazohifadhi mipangilio na hali yake), uzuiwe kwanza au uachiwe?

Kwa prosesa za Intel, uamuzi huo umo katika ramani ya biti yenye ukubwa wa kilobaiti 4. Biti ikiwa 1, mgeni anasimamishwa na msimamizi, yaani KVM, anashika usukani. Ikiwa 0, anaifikia rejista yenyewe.

Kuachia kuna kasi, maana kila kusimamishwa hula mizunguko ya prosesa. Kwa FS_BASE na GS_BASE, rejista zinazoshika anwani za kumbukumbu, ambazo thamani zake hubadilishwa mgeni anapoingia na kutoka, sioni sababu ya kuzuia, na KVM nayo huziachia. Ila rejista inayogusa umeme au mikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) ya mashine nzima, zuia bila kusita, hata kama mgeni atachelewa. Mpangaji hakabidhiwi swichi kuu ya nyumba.

Rejista isiyojulikana je? Kwa kawaida KVM humrudishia mgeni hitilafu. Wapo wanaowasha ignore_msrs, chaguo la KVM la kupuuza rejista kama hizo, ili asome sifuri na kuendelea. Kwa seva ya wateja siikubali: mgeni huamini ameandika, kumbe hakuna kilichoandikwa.