Jeraniamu za kununua Calgary: zipi zitavuka baridi, zipi ni za msimu mmoja

Ikifika Mei, vitalu vya Calgary, Kanada, huuza mimea miwili isiyofanana kwa jina moja. Wa kwanza una mashina manene yenye maji, majani ya mviringo na kichala cha maua mekundu. Ndio uliozoeleka kwenye vyungu vya barazani Nairobi na Arusha. Huo kitaalamu ni Pelargonium, asili yake kusini mwa Afrika, na usiku mmoja wa sakitu (baridi inayogandisha umande) unaumaliza. Wa pili ni Geranium yenyewe, mmea wa kudumu: majani hukauka Oktoba, mizizi hulala ardhini miezi sita, kisha huchipua upya. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka yote katika jenasi (kundi) moja mwaka 1753, Mfaransa L'Héritier akaitenganisha mwaka 1789, ila wauza maua ni kama habari haijawafikia.

Ukiwa na shaka, tazama ua. Geranium ina petali tano zinazolingana pande zote. Pelargonium ina mbili za juu na tatu za chini, na za juu hutofautiana na wenzake kwa umbo au michirizi. Orodha hii inaanza na mimea ya kudumu, kwa sababu huko ndiko watu hupoteza pesa. Ya vyunguni iko mwishoni.

Lebo ya kanda inasema nusu tu

Calgary iko kama mita 1,050 juu ya usawa wa bahari. Sakitu ya mwisho huanguka kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne ya Mei, na ya kwanza ya vuli hurudi katikati ya Septemba, kwa hiyo una siku 110 hivi za kukuza chochote. Mvua na theluji vikijumlishwa ni takriban milimita 420 kwa mwaka, chini ya nusu ya mvua ya Nairobi. Udongo wa viwanja vingi ni mfinyanzi wenye chokaa.

Kwenye lebo utaona namba ya kanda: ikiwa ndogo, mmea unavumilia baridi zaidi. Kwa mfumo wa Marekani (USDA), namba hiyo hupima baridi kali ya kawaida ya mwaka na basi. Haisemi lolote juu ya ukavu wala upepo. Kwa Calgary nunua kanda 3 kwa amani, kanda 4 ukiwa na mahali pa kujikinga, na kanda 5 uihesabu kama bahati nasibu.

Tena baridi yenyewe mara nyingi siyo inayoua. Januari upepo wa Chinook unateremka kutoka Milima ya Rockies, joto linapanda nyuzi 15 au zaidi kwa saa chache, theluji iliyokuwa blanketi inayeyuka na udongo wa juu unalegea. Usiku unaganda tena. Kila mara hilo linapotokea mmea husukumwa juu kidogo, na ukienda kuutazama Machi unakuta kitako (pale mashina yanapokutana na mizizi) kimechomoza sentimita mbili juu ya udongo, mizizi iko hewani, upepo unaikausha. Orodha hii imepangwa kwa kuzingatia hilo kwanza, halafu ukame, halafu maua.

1. Geranium sanguineum

Kama una nafasi ya mmea mmoja tu na mahali penyewe pana jua, chukua huu. Ni wa kanda 3, mizizi yake ni minene na inakwenda chini, na majani madogo yaliyochanwachanwa hayapotezi maji ovyo. Hutoa maua kwa wingi Juni na Julai, kisha moja moja hadi vuli, ambapo majani yenyewe hugeuka mekundu.

Kati ya aina zake, 'Max Frei' hufika sentimita 20 na kukaa kama mto. Ndiyo ya ukingo wa njia. 'New Hampshire Purple' ni ndefu zaidi, hadi 30 hivi. Ile ya waridi hafifu yenye mishipa, var. striatum, ni fupi na inapendeza kati ya mawe. 'Album' ni nyeupe safi lakini hulegea na kujilaza juu ya jirani yake, kwa hiyo ipe nafasi.

Sababu nyingine ya kuiweka juu ni mvua ya mawe. Calgary huipata karibu kila kiangazi, na mmea wenye majani mapana hubaki matambara. Huu ukichanika, ukate wote ubakize sentimita 5, umwagilie vizuri, na baada ya wiki mbili tatu una majani mapya.

2. Geranium macrorrhizum

Huu ndio wa kivuli kikavu: chini ya msprusi (mti wa jamii ya msonobari), upande wa kaskazini wa nyumba, penye mizizi ya miti inayokunywa kila tone. Mimea michache sana huvumilia mahali hapo. Mashina yake manene hutambaa juu ya ardhi na kuhifadhi akiba, ndiyo maana huvumilia kusahauliwa. Majani yana harufu kali ukiyagusa, na wale sungura wakubwa wanaorandaranda mitaani Calgary kwa kawaida huyapita. 'Bevan's Variety' ni ya rangi ya zambarau iliyokolea, 'Ingwersen's Variety' ni waridi hafifu. Maua ni ya wiki chache tu za Juni. Unachonunua hasa ni majani.

Na usinunue mingi. Nunua chungu kimoja cha galoni chenye mashina sita au nane, mwaga udongo, kisha tenganisha kwa kisu. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15 na fungu la majani kichwani. Ondoa majani makubwa ubakize matatu madogo, zika shina lote likiwa limelala kidogo, kichwa tu kibaki juu. Hata kipande kisicho na mzizi hata mmoja hushika ndani ya wiki tatu au nne, mradi udongo usikauke. Kosa la kawaida ni kupanda juujuu kama mche wa mchicha. Shina lililoachwa wazi ndilo linalokaushwa na Chinook.

3. 'Biokovo'

Ni chotara wa Geranium dalmaticum na huyo macrorrhizum, amepewa jina la milima ya Biokovo ya Kroatia alikopatikana. Ni mfupi, maua meupe yenye waridi katikati. Kanda 4, kwa hiyo mpande karibu na ukuta au mahali theluji hurundikana. Ukiweza kuchagua kati yake na namba 2, chukua huyu kwa uzuri na yule kwa uhakika.

4. Geranium viscosissimum

Huu ni wa kwao: huota mwituni kwenye nyasi na vilima vya kusini mwa Alberta, na baridi wala ukame si habari kwake. Umeshuka hadi namba 4 kwa sababu mbili: haupatikani kirahisi nje ya vitalu vya mimea asilia, na mzizi wake mnene hauvumilii kuhamishwa. Nunua mche mdogo, wa chungu cha inchi 3.5, hata kama kuna mkubwa kando yake. Usiuchimbe porini.

5. Geranium pratense

Baridi anaiweza vizuri sana. Tatizo ni tabia: anafika sentimita 60 na zaidi, anaanguka upepo ukivuma, anashikwa na ukungu wa unga Agosti, halafu anarusha mbegu kila mahali. Kama una uwanja mkubwa usio na mpangilio, anafaa. Kwenye kitanda cha maua kidogo utakuwa unang'oa watoto wake kila mwaka.

6. 'Rozanne'

Ndiyo inayosifiwa zaidi na kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu. Sifa zake ni za kweli: bluu yenye zambarau, kitovu cheupe, maua kuanzia Julai mpaka sakitu. Ilipata tuzo ya mmea wa kudumu wa mwaka 2008 Marekani. Lakini mzazi wake mmoja ni Geranium wallichianum, na lebo nyingi huiweka kanda 5. Calgary kuna inayorudi mwaka wa pili, hasa chini ya theluji nene, na kuna isiyorudi. Inunue kama unavyonunua ua la chungu: ikirudi, ni ziada. Haizai mbegu, kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya mbegu za 'Rozanne' anakudanganya.

'Ballerina' na 'Ann Folkard', aina nyingine mbili za Geranium, ziache dukani.

Kagua kabla ya kulipa

Chungu chenye maua tele mwanzoni mwa Mei kimetoka kwenye joto la banda, na majani yake hayajaonja upepo. Bora kile chenye machipukizi mafupi magumu na maua machache. Pindua chungu, bana kando, vuta taratibu. Mizizi iwe myeupe au kahawia hafifu na ishike udongo bila kuzunguka chungu kama kamba. Udongo ukimwagika wote mkononi, mmea ulihamishiwa humo wiki iliyopita na unalipa bei ya galoni kwa mche mdogo. Bonyeza kitako kwa kidole gumba: kikiwa laini, kinaoza, rudisha.

Kwa upandaji wa sentimita 40 kati ya mmea na mmea, mita moja ya mraba inataka sita. Kitanda cha mita 1 kwa 3 ni mimea 18.

Ukifika nyumbani, iweke nje kivulini kwa muda wa saa mbili siku ya kwanza na uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Chimba shimo la upana mara mbili ya chungu, kina kile kile, na changanya mboji koleo moja. Mwagilia lita 4 papo hapo, kisha kila siku ya tatu au ya nne kwa wiki tatu za mwanzo, kisha kama lita 25 kwa mita ya mraba kila wiki isiyo na mvua. Mbolea ya chumvichumvi haihitajiki. Naitrojeni nyingi hurefusha mashina yakaanguka. Usipande baada ya mwisho wa Agosti.

Umwagiliaji unaosahaulika ni wa mwisho, katikati au mwishoni mwa Oktoba kabla ardhi haijaganda. Ardhi ikishaganda, tandaza vipande vya mbao sentimita 5 hadi 8. Ukitandaza mapema unawapa panya kitanda. Machi pita ukirudisha kwa kiganja kila kitako kilichosukumwa juu.

Za vyunguni

Kwa Pelargonium, ya kwanza ni ile yenye duara la rangi kwenye jani, iliyooteshwa kwa kipandikizi: kichala kikubwa, shina imara. Ya pili ni ya majani kama mtambaazi, kwa vyungu vya kuning'iniza. Ukiimwagilia kupita kiasi siku za baridi majani hupata vipele vigumu kama kizibo upande wa chini. Ile ya petali pana za kifahari hufanya maua inapopata usiku wa baridi, na Calgary inao hata Julai, ila upepo huichana. Iweke chini ya paa. Miche ya mbegu ni ya bei rahisi kwa idadi kubwa, lakini ukitaka kuotesha mwenyewe panda mapema Februari, maana hadi ua la kwanza ni wiki 12 hadi 16.

Usiitoe nje moja kwa moja wikendi ndefu ya Mei kwa sababu jirani ametoa. Angalia utabiri wa usiku kwanza. Jani likigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni maji magumu ya bomba yanayozuia chuma kufyonzwa. Tumia maji ya mvua au mbolea yenye chuma kileti (chuma kilichoandaliwa ili mmea ukifyonze kirahisi).

Mwanzoni mwa Septemba kata ncha za sentimita 10 chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, ziache mezani saa chache kidonda kikauke, kisha zichomeke kwenye mchanganyiko wenye pelaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba). Mwagilia kidogo: shina likiwa jeusi kuanzia chini, ni uozo, na chungu hicho chote ni cha kutupa. Mama mmea mkate nusu na umweke kwenye besimenti yenye dirisha, nyuzi 7 hadi 10, ukimpa maji pale tu udongo unapokauka kabisa.