Tovuti mpya ya nyumba yangu ya wageni Jambiani: nyota nne kati ya tano

Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, vyumba sita, na hii ni tovuti yangu ya pili. Ya kwanza niliilipia mwaka 2019 na niliipenda sana. Shida ndiyo hiyo, niliipenda mimi. Ukiifungua inakupokea na taarab, kisha picha tano kubwa zinapita zenyewe, kisha linaruka dirisha la "Karibu" ambalo alama yake ya kufungia ni ndogo kama punje ya mchele. Bei haikuwepo. Fundi aliniambia mgeni akiitaka atauliza. Wakauliza kweli, usiku na mchana, WhatsApp haipumziki.

Mbunifu wa safari hii ni binti wa mjini, anafanya kazi peke yake. Nilikuwa nimeshamwandalia rangi nilizochagua na picha ya mlango wa nakshi wa marehemu babu. Akaamkia, akaketi barazani, akasema, "Mama, hivi tutaviona baadaye. Nisomee kwanza maswali wanayouliza wageni." Basi nikamsomea hadi alasiri, naye anaandika kwenye daftari na kupiga kijiti kila swali linaporudi. Bei ilishinda. Ikafuata njia ya kutoka uwanja wa ndege. La tatu nilikuwa nimelizoea hata silisikii tena: "Kuogelea ni saa ngapi?"

Anayeijua pwani ya mashariki ya Unguja anaelewa. Maji yakikupwa hapa kwetu bahari inakwenda mbali, unabaki mchanga, madimbwi na akina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Kama saa sita baadaye yamejaa. Mgeni ambaye hakuambiwa anaamka asubuhi, anatazama nje, anahisi ametapeliwa. Sasa kwenye ukurasa wa mbele kuna aya fupi ya kupwa na kujaa, inayoeleza pia kwamba saa zinasogea kila siku kwa kama dakika 50 na kwamba wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huenda mbali zaidi. Chini yake bei zote, kwa shilingi na dola, chai ya asubuhi ikiwemo. Kisha njia: teksi kama saa moja, au dala dala namba 309. Tangu hapo simu yangu imetulia, na anayeandika siku hizi huwa ameshaamua kuja.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni siku ya majaribio. Alisema yupo mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi za tovuti. Tukawapata watano: mpwa wangu, dereva wa teksi, mwalimu mstaafu, jirani mkulima wa mwani na mgeni Mjerumani aliyekuwepo. Kila mmoja alipewa simu na swali moja: watu wawili wakilala Ijumaa na Jumamosi, watalipa kiasi gani, na chumba utakiwekaje? Mimi niliamriwa ninyamaze. Jamani! Kumtazama mtu anapapasa picha ya chumba akidhani itafunguka, na huruhusiwi kumwambia, ni adhabu.

Dereva alikwama palipoandikwa "Hifadhi". Yeye hupeleka watalii Jozani kila wiki, kwa hiyo alijua hapo ni habari za hifadhi ya msitu, akapapita. Kitufe sasa kinasema "Weka chumba". Mwalimu naye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, bado hasomi: maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Binti akapima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake, akakuta iko chini ya kiwango cha 4.5 kwa 1 kinachotakiwa ili yasomeke, akayakoleza pale pale. Nilimheshimu kwa hilo, maana kijivu kile alikichagua mwenyewe.

Picha pia alizipunguza uzito. Ukurasa wa mbele ulikuwa megabaiti 14, sasa haufiki hata moja, na kwa macho yangu picha ni zile zile. Jirani alifungua kwa bando lake la wiki, mtandao wetu huu wa kusuasua, na ukurasa ulimjia kabla hajaanza kulalamika.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Aliahidi wiki tatu, akachukua saba. Na kalenda ya vyumba lazima niijaze mwenyewe kwa mkono. Wiki iliyopita nilisahau, watu wawili wakaweka chumba kimoja, nikampeleka mmoja kwa dada yangu na kulipa tofauti mimi. Aliponikabidhi kazi hakunisisitizia jambo hilo.

Nililipa shilingi 900,000, na kila mwaka nalipia jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa. Kuhusu weupe mwingi kati ya maandishi, mwanzoni niliuona kama nyumba isiyoingizwa vyombo, nimezoea. Mlango wa babu ameuweka chini kabisa, baada ya ramani. Bado tunabishana.