Kamusi ya Kithai: jinsi ya kuikagua kabla ya kulipa

Nimetumia kamusi kadhaa za Kithai, za karatasi na za simu, na kipimo changu cha kwanza kwa kila moja ni kilekile: natafuta maneno yanayoandikwa "khao". Kwa mfumo rasmi wa Thailand wa kuandika Kithai kwa herufi za Kilatini, ule wa vibao vya barabarani, "khao" inaweza kuwa wali (ข้าว), -eupe (ขาว), habari (ข่าว), goti (เข่า), kuingia (เข้า) au yeye (เขา). Mfumo huo hauonyeshi toni wala urefu wa irabu, na Kithai kina toni tano, yaani viwango vya sauti vinavyobadilisha maana ya neno: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Kamusi ikiyaandika yote sita "khao" bila alama yoyote, irudishe rafuni, hata kama jalada linajisifu kwa maelfu ya maneno.

Ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya wachapishaji Paiboon, iliyoandikwa na Benjawan Poomsan Becker, iliyogawanywa sehemu tatu. Ya kwanza unatafuta kwa Kiingereza. Ya tatu unatafuta kwa maandishi ya Kithai. Ya pili ndiyo yenye thamani kubwa: unatafuta kwa sauti, yaani umelisikia neno sokoni na hujui linaandikwaje. Chukua ทราย, mchanga. Linaanza na herufi ท na ร lakini hutamkwa "saai", kwa hiyo mwenye kamusi ya maandishi peke yake atapekua herufi zote za s asilipate. Irabu ndefu zinaandikwa mara mbili na toni inawekwa juu ya irabu, kwa hiyo wali ni kâao na kuingia ni kâo. Toni ni moja, urefu tofauti.

Kabla ya kuitumia soma kurasa za mwanzo, maana hapo wengi hukwama. Paiboon huandika g kwa k isiyo na mpumuo, yaani pumzi inayosikika ikitoka, na k kwa ile yenye mpumuo. Kuku ni gài, yai ni kài. Kwenye menyu za Bangkok kuku huandikwa "kai" na yai "khai". Ukichanganya mifumo hiyo miwili utaagiza kimoja uletewe kingine. Msemaji wa Kimvita, anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, ataisikia tofauti hii upesi kuliko wanafunzi wengi. Sauti ya ng' mwanzoni mwa neno nayo haitusumbui, ingawa vitabu vya Kiingereza huitumia kurasa nzima.

Kasoro kubwa kwetu ni kwamba kamusi zote hizi zinapitia Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza chako kikiwa cha kubahatisha, na maana utakayoipata itakuwa ya kubahatisha.

Kamusi ya Mary Haas, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1964, bado naithamini sana kwa usahihi wa matamshi. Ila ni ya upande mmoja tu, Kithai kwenda Kiingereza, na ni ya enzi yake: มือถือ kwa maana ya simu ya mkononi usiitafute humo. Inakutaka pia ujue mpangilio wa herufi, na mpangilio wenyewe una mitego. Irabu zinazoandikwa mbele ya konsonanti, เ แ โ ใ ไ, hazihesabiwi kwanza. เพื่อน, rafiki, linapatikana chini ya พ, tena karibu na mwisho, kwa sababu irabu เ inakuja baada ya า, ิ na ุ. หมา, mbwa, liko chini ya ห ingawa husikii h yoyote. Neno linaloanza kwa irabu liko chini ya อ. Alama za toni hutazamwa mwisho kabisa, pale tu maneno mawili yanapofanana kwa kila kitu kingine.

Kwa maandishi marefu karatasi haitoshi. Kithai hakiachi nafasi kati ya maneno: ตากลม ni "macho ya mviringo" ukikata baada ya ตา, na "kupunga upepo" ukikata baada ya ตาก. Hapo nageukia tovuti ya thai-language.com, na naangalia mikato yote kabla ya kuamini mmoja. Programu ya simu ya Paiboon ina sauti zilizorekodiwa na inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa mfanyabiashara wa vito anayezunguka Chanthaburi bila kifurushi. Programu moja ya bure niliyoijaribu ilisoma maneno kwa sauti ya mashine, ikafupisha irabu ndefu; nikaifuta. Jambo jingine: mabango mengi hutumia herufi zisizo na vitanzi, yaani viduara vidogo vya herufi za Kithai, ambapo ร hufanana na S na พ na W. Hakikisha kamusi yako inaonyesha herufi za ukubwa wa kutosha, zenye vitanzi, la sivyo hutaweza kuzitofautisha.

Kipimo cha mwisho: fungua neno "tembo", ช้าง. Kamusi nzuri inakupa neno la kuhesabia. Kithai hutaja kitu, kisha idadi, kisha neno hilo: ตัว kwa wanyama na nguo, คัน kwa magari na miavuli, เล่ม kwa vitabu na visu. Tembo wa porini ni ตัว, tembo aliyefugwa ni เชือก. Kwa aliyekulia kwenye ngeli hili halina ajabu, lakini halikisiki. Lazima liandikwe kwenye kidahizo, yaani pale neno linapofafanuliwa. Lisipokuwepo, utajua majina ya vitu usiweze kununua viwili.

Kamusi ya Taasisi ya Kifalme ya Thailand, ya Kithai kwa Kithai, iache mpaka usome gazeti bila shida. Ukiikuta kwenye vitabu vya mitumba, toa 543 kwenye mwaka wa jalada, ambao ni wa kalenda ya Kibudha: toleo la 2554 ni la 2011, na lile la 2525, hata likiwa safi kiasi gani, ni la 1982.