Sheria za deraya na ngao D&D 2024: ngao wamepatia, deraya bado

Nimezichezea sheria hizi za Dungeons & Dragons (D&D), gemu la mezani la kuigiza wahusika, vya kutosha sasa, mi nazipa nyota 3 kwa 5, na kwa kweli nyota nyingi hapo ni za ngao.

Deraya ni hivi, ukivaa aina ambayo klasi yako (kazi ya mhusika wako, kama mchawi au mpiganaji) haijakufunza, kila jambo la nguvu au wepesi unarusha d20 (dadu za pande 20) mbili unabaki na namba ndogo, halafu uchawi hupigi kabisa. Basi, hamna hesabu nyingine. Waliocheza toleo la zamani la 3.5 wanaikumbuka ile asilimia ya uchawi kufeli, deraya nzima ya chuma 35, ngao nzito ya chuma 15, unajumlisha halafu kila ukitaka kupiga uchawi unarusha tena dadu za asilimia, ilichosha jamani. Kwa hiyo urahisi nawapa. Ila hamna katikati! Mchawi aliyejivalisha ngozi tu ya AC 11 (AC ni namba ya ulinzi, ikiwa kubwa ni vigumu kukupiga) anakula adhabu ileile ya aliyejifunga deraya nzima ya AC 18 yenye pauni 65, sasa hiyo inaingia akilini kweli?

Ngao ndo wamekaa wakafikiria. Toleo la 2014 mchawi asiye na mafunzo akishika ngao tu uchawi umefungwa, sasa hivi kama hujafunzwa hupati ile +2 ya AC, yameisha. Mkono mmoja umeshaupoteza, inatosha.

Kinachoniudhi ni ule mwanya wa kuchanganya klasi ambao wameuacha wazi vilevile. Mchawi anachukua levo 1 ya kasisi anapewa mafunzo ya deraya nyepesi, ya kati na ngao juu yake, kwa hiyo yule mwenye wepesi 14 aliyekuwa anategemea uchawi wa kujikinga kupata AC 15 akipata nusu-deraya na ngao anafika 19, yaani anamzidi mpiganaji mwenye deraya nzima na upanga wa mikono miwili, mtu aliyelipia dhahabu 1,500!! Eti gharama yake ni kuchelewa levo moja na kelele akijaribu kunyata. Mchawi gani ananyata bana.

Pathfinder 2, gemu jingine la aina hii, hapo wako mbele. Ngao yeyote anaweza kuinua, ila unailipia kitendo 1 kati ya 3 vya zamu yako na ukiizuilia pigo inaweza kuvunjika, na deraya mafunzo yana ngazi zinazoongeza AC, +2, +4, +6 mpaka +8 pamoja na levo yako, asiye na mafunzo anabaki na sifuri lakini uchawi wake anapiga tu.

Kama kikundi chenu ni kipya chezeni za 2024 zilivyo, hamtasumbuka, ila anayeendesha gemu aulize kabla ya kuanza nani ana mpango wa hiyo levo 1 ya kasisi.